Honi Iliyomsalimia Guka

Mwaka jana mjukuu wangu alinipeleka Nairobi kuona gari la moshi la zamani, lile la mvuke, ambalo siku hizi hutolewa mara mojamoja kubeba wageni wanaopenda mambo ya kale. Nilikuwa nimesimama kama mtu mwenye heshima zake, mkoba begani. Likapiga honi. Jamani, nikaita "Guka!" kwa sauti, mwanamke mzima mimi, na watu wote wakageuka. Mjukuu wangu akajifanya hanijui.

Acha niwaeleze huyo Guka. Ndiye babu yangu, mzaa baba. Kwetu Karurumo hakukuwa na reli, na hata leo hakuna, lakini Guka alifanya kazi ya reli miaka mingi upande wa Sagana, akishindilia kokoto na kukaza nati. Alipostaafu alirudi nyumbani na koti la kaki, spana moja kubwa, na hadithi moja: ati kulikuwa na kona ambapo kila gari la moshi likipita lilimpigia honi kumsalimia. "Kila gari, mjukuu wangu. Hata dereva akiwa Mzungu!" Cucu, mkewe, hakubisha wala hakuunga mkono. Ila kila jioni, akishukuru kwa chakula, alimaliza hivi: "Na kwa ile honi, Baba, asante." Mimi nilidhani ni sehemu ya sala, kama vile amina.

Shida ilikuwa mdomo wangu. Nilipofika darasa la tano nilikuwa nimeshamweleza kila mtu. Nyaga, aliyekaa dawati la nyuma yangu, alicheka hadi akashika tumbo. "Gari la moshi limsalimie mtu wa kushika sururu? Guka wako ni mwongo." Nikakimbia kushtaki kwa mwalimu, naye akatabasamu tu na kusema mwamba ngoma huvutia kwake. Uchungu nilioupata siku hiyo! Guka alikuwa mzee wa kanisa. Alikuwa ndiye aliyenifundisha kwamba uongo hunuka hata ukiufunika.

Muhula huohuo tulisikia kwamba magari ya mvuke yanaondolewa, ya dizeli yanachukua nafasi. Mwalimu mkuu akataka tuyaone kabla hayajaisha, na Guka akaombwa awe kiongozi wa safari. Mimi nikasimama mbele ya darasa zima nikaapa: wote watasikia salamu ya Guka kwa masikio yao, na wasipoisikia, basi waniite mjukuu wa mwongo mpaka nimalize shule.

Tulikwenda kwa lori la chama cha kahawa, tumebanana tukiimba, viazi vitamu vya moto vimefichwa ndani ya sweta. Guka alikaa mbele na dereva, koti lake la kaki limepigwa pasi hadi likang'aa. Tulipofika Sagana hakutaka kukaa stesheni. Alituongoza kwa kijia cha kando ya reli mpaka kwenye kona kali, mahali reli inapopotelea nyuma ya ukingo wa udongo mwekundu. Palikuwa na mti mfupi uliosimikwa kama nguzo, wenye ubao, na juu ya ubao herufi moja iliyofifia.

"Shimo la mti huu nililichimba mimi," akasema, akiupapasa ule mti kama anavyompapasa ng'ombe wake. Kisha akasimama kando yake, kofia kifuani, akangoja.

Wenzangu waliogopa gari la moshi. Mimi niliogopa lipite kimya. Ningemtazamaje Guka, safari yote ile ya kurudi, na Nyaga yumo lorini? Nikafumba macho nikamwomba Mungu amkumbushe dereva.

Ardhi ikaanza kutetemeka miguuni. Ikaja harufu ya mafuta yaliyoungua na maji moto, halafu honi, ndefu na nene, iliyoingia kifuani ikatokea mgongoni. Guka akainua kofia. Dereva, ambaye hatukumjua wala hakutujua, akainua mkono. Nyaga alikuwa ameshatoweka ndani ya shamba la mahindi, kiazi chake kimebaki njiani. Nilirukaruka, nililia kwa furaha, nilijisifu njia nzima ya kurudi hadi Runyenjes, karibu na kwetu.

Sasa turudi Nairobi. Aliyekuwa akiwaonyesha wageni ile injini ni mzee, dereva wa mvuke enzi zake. Nikamsimulia habari za Guka kwa maringo yaleyale ya darasa la tano. Akasikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza kwa upole, "Mama, hapo kwenye kona palikuwa na ubao?"

"Palikuwa nao. Aliusimamisha mwenyewe."

"Basi haikuwa salamu. Kwenye ubao ule ilikuwa sheria, kila dereva lazima apige honi."

Haki ya Mungu, umri wote huu, nikarudi darasa la tano. Nilimsikia Nyaga akicheka. Nikashika mkoba wangu niondoke, lakini mzee hakuwa amemaliza.

"Honi ile ilikuwa ya watu wa njia, wale wa kutengeneza reli," akasema. "Kwenye kona dereva hamwoni mtu aliyeinama na spana, na yeye akigonga chuma hakusikii ukija. Kabla ya kuwekwa zile mbao, tuliwagonga. Mimi mwenyewe nilimgonga mmoja."

Nikamwona Guka kando ya mti wake, kofia kifuani, na kwa mara ya kwanza nikajiuliza alikuwa akiwakumbuka akina nani pale. Hakutuambia. Alituachia salamu tu.

Jioni, mezani kwa mjukuu wangu, niliombwa nishukuru kwa chakula. Nikashukuru kwa ugali, kwa sukuma wiki, kwa safari njema. Kisha nikasema, "Na kwa ile honi, Baba, asante."

Mjukuu wangu akafungua jicho moja, akanitazama, akalifumba tena. "Amina," akasema.