Neno la Herufi Nne Kwenye Karatasi ya Mama

Mimi ni mtu wa nyumbani. Wengine husema hivyo kwa kujisifu, mimi naeleza hali tu. Cherehani yangu iko barazani, kitanda changu kiko hatua kumi na nne nyuma yake, na kwa treni nimewahi kufika Kigwa mara mbili. Mara ya pili kwa sababu mara ya kwanza nilisahau mwavuli huko. Majirani zangu hapa Tabora wananiita mwali. Mwali hutolewa nje siku ya harusi, na mimi harusi yenyewe bado.

Niliishi na mama. Kazi yake ilikuwa kukanda. Alikanda wanawake waliotoka kujifungua, alikanda viuno vya wakulima wa tumbaku, alikanda shingo za madereva. Kazi hiyo, alisema, ilianza kwa bibi wa bibi yake, aliyekaa pale misafara ilipopumzika na kuwakanda wapagazi mashavu ya miguu, watu waliotembea kutoka pwani na mzigo begani. Kama ni kweli sijui. Kila nyumba ya mji huu ina babu au bibi aliyefanya jambo na misafara. Sisi angalau hatukudai kwamba mzigo ulikuwa wetu.

Mama hakuzaa binti, kwa hiyo akanifundisha mimi. Mkono wa kulia unashika, wa kushoto unafuata, kidole gumba kinaanzia kwenye kifundo cha mguu na kupanda. "Siku zote pandisha," alikuwa akisema. "Uchovu unakaa chini kama machicha. Ukiusukuma juu, unatawanyika." Sheria ilikuwa hiyo moja. Kushusha mkono ilikuwa ni kumrudishia mtu ugonjwa wake.

Mwaka jana, mvua zilipokwisha, mama alikwenda Choma kwenye msiba wa dada yake. Alikaa mkekani siku saba, miguu ameikunja, maana yeye ndiye aliyekuwa mkubwa aliyebaki na wageni walikuja kumpa mkono yeye. Kisha akakaa kwenye basi. Alirudi na mguu wa kushoto umevimba mpaka kwenye goti, ngozi inang'aa kama imepakwa mafuta, na ukiugusa una joto.

"Safari hiyo," alisema. "Chemsha maji, tia chumvi."

Nilimkanda siku tatu, asubuhi na alasiri, kwa taulo la moto na mafuta ya nyonyo. Alikunja uso lakini hakulia. Alikuwa akinikosoa tu.

"Kaza mkono! Unapapasa kama umedondosha sindano."

"Mama, unaumia."

"Nani kakuuliza? Pandisha."

Nikapandisha. Siku ya tatu uvimbe ulipungua kidogo. Mama akaupima mguu kwa kamba ya kanga, akanionyesha fundo lilipohama, akasema kwamba nikiacha ushonaji sitakufa njaa. Hiyo ndiyo sifa kubwa niliyowahi kupata kutoka kwake. Niliibeba kichwani siku nzima, na nikakosea kukata kola mbili.

Asubuhi ya nne alisimama kati ya mlango na jiko, ameshika ukuta. Alikuwa akivuta pumzi fupifupi, kama mtu anayeonja uji wa moto. Nikaita bajaji.

Hospitalini nesi alimwamkia vizuri, "Shikamoo mama," na mama akaweza kuitikia marahaba. Nesi akaufunua mguu, akautazama, akatutazama sisi.

"Mmeukanda huu?"

Mama alijibu kabla sijafungua mdomo. "Nani wa kunikanda? Huyu? Huyu hata unga wa chapati hajui kukanda."

Nesi akacheka. Na mimi nikacheka. Mama alikuwa amekanda watu maisha yake yote, akausoma uso wa yule binti, akajua ni swali la aina gani. Akaninunulia nafasi ya kunyamaza, na mimi nikaichukua. Ningeweza kusema, "Ndiyo, mimi, siku tatu." Ni maneno manne. Nilikuwa na muda wa kuyasema mara mia.

Daktari alikuwa kijana. Alieleza taratibu kwamba damu imeganda ndani ya mshipa wa mguu, kwamba donge limekatika likapanda mpaka mapafuni, na kwamba wataanza sindano za kuizuia isigande zaidi. Limepanda, alisema. Kisha akaandika kwenye karatasi kwa Kiingereza, mwandiko wa kukimbia, na katikati ya mstari nikaliona neno lenye herufi nne: clot.

Nilitumwa nyumbani kuleta shuka na chupa ya chai. Nilivipata vyote kwa dakika mbili. Kisha, badala ya kurudi, nikavuta sanduku chini ya kitanda na kutoa kamusi ya Kiingereza niliyosomea sekondari. Jalada la mbele halipo, inaanzia katikati ya herufi A. Mama yake mtu anapigania pumzi, yeye amechuchumaa anafunua kamusi. Nasema hivi ili mjue ni mtu wa namna gani anayewasimulia.

Kamusi ilisema ni bonge la kitu kilichokuwa majimaji kikaganda, hasa damu. Ikasema pia kwamba malai ya maziwa hugandishwa hivyo na kuliwa, jambo lililonishangaza, kwamba Waingereza wanaweza kulitumia neno moja wodini na mezani. Kisha kwa herufi ndogo: zamani, bonge la udongo. Na mwisho kabisa, katika mazungumzo, mtu mpumbavu. Nikafunga kamusi. Nikarudi hospitali na shuka. Chai niliisahau.

Mama alikufa siku ya pili, asubuhi, wakati wodi inapigwa deki. Tuliambiwa tuinue miguu ili dekio lipite. Niliinua. Nilipoishusha alikuwa ameshakwenda.

Nilimfuata daktari kwenye korido. Hapo ndipo nilipoweza kuuliza, wakati hakuna wa kumsaidia tena. Nilisema, "Kama mtu angekuwa amekandwa, donge lingepanda kwa sababu hiyo?"

Nadhani alielewa. "Huenda," alisema. "Na huenda lingepanda lenyewe. Hakuna anayeweza kukuambia."

"Lakini kukanda si vizuri."

"Si vizuri. Mguu wa namna ile hauguswi."

Nikamshukuru. Nikasaini pale nilipoonyeshwa.

Mazikoni niliingia kaburini mimi na mjomba, kwa kuwa maiti ya mwanamke hupokewa na watu wake. Walio juu walitukabidhi mabonge ya udongo waliyoyafinyanga kwa maji, la kuweka chini ya shavu, mengine ya kuegemeza mgongo ili alale ubavu ameelekea Kibla. Niliyapokea moja moja. Yalikuwa ya baridi na yenye ukubwa wa kiganja. Nikakumbuka ile maana ya herufi ndogo. Sikulia. Nilifikiri tu kwamba kamusi ilikuwa sahihi, kama mtu anayehakiki risiti.

Kwenye matanga mwalimu mstaafu wa mtaani alikuja kukaa nami. Wengine waliniuliza kama nimekula. Mimi nilimuuliza yeye asili ya lile neno. Mzee wa watu akashtuka, lakini mwalimu hawezi kuliacha swali likapita. Akanieleza kwamba ni neno la kale sana, lilianza na udongo, damu ikaja baadaye. Kwamba Wajerumani, walewale waliojenga boma letu, wana ndugu wa neno hilo, na kwao lina maana ya gogo la mti. "Kila kitu kizito kilichoshikamana," alisema. Nikamwambia sisi tuna donge: la uji, la damu, la kooni, la moyoni mtu asipokusamehe. Akasema ndiyo, sisi tumelitumia zaidi. Akanishika bega. "Lia kidogo, mwanangu." Nikamwambia nitajaribu.

Wanawake ndio walionimaliza. Walikuwa wameniona kupitia uani, na taulo na beseni. Mmoja baada ya mwingine walinipa mkono wakasema, "Umemkanda mama yako kwa mikono yako mpaka mwisho. Radhi umeipata." Nilisema ahsante. Nilisema ahsante kwa siku tatu.

Nikarudi kwenye cherehani. Miezi ikapita, nikashona sare za shule, nikala nilichopewa. Watu walidhani nimetulia.

Kisha siku moja jirani yangu fundi baiskeli, ambaye ndiye aliyenibatiza jina la mwali, akaja anachechemea. Mguu wa kulia umevimba juu ya kifundo. Akakaa kwenye benchi ya wateja, akaikunja suruali.

"Mwali, mkono wa mama umebaki kwako. Nikande."

"Siwezi. Nenda hospitali."

"Hospitali kwa mguu? Acha madaha. Chemsha maji."

"Nimesema sikandi."

"Unaringa! Mama yako angekuwa hai angekuchapa."

Nikaacha kukanyaga cherehani. "Mama yangu nilimkanda mguu kama huo," nilisema. "Siku tatu. Damu ilikuwa imeganda ndani, nikaipandisha. Nesi aliuliza, nikanyamaza."

Fundi baiskeli alitazama mguu wake, akaishusha suruali taratibu, kama anafunika kitu kilicholala. Kisha akasema, "Haya. Twende."

Nilitoka nyumbani kwa hiari yangu, jambo ambalo mtaa mzima uliliona. Tulikaa kwenye foleni mpaka adhuhuri. Nesi aliubonyeza mguu, akaugeuza, akachomoa kwenye kisigino mwiba mrefu kama pini, na usaha ukafuata. Akamfunga bandeji.

"Mwiba!" fundi baiskeli alisema kwenye bajaji. "Asubuhi nzima, Mwali. Mwiba!" Akacheka mpaka dereva naye akacheka. Nilingoja nione aibu. Haikuja.

Karibu na nyumbani akaacha kucheka.

"Ile ya mama ni kweli?"

"Ni kweli. Mguu wa kushoto."

Hakusema kwamba ni mipango ya Mungu, wala kwamba sikujua. Tulipofika hakwenda kwake. Alikaa kwenye benchi yangu, mguu wenye bandeji juu ya kigoda, akawatuma wateja wake wakamngoje. Nilishona pindo la sketi moja, nikaanza la pili. Alikuwa mtu wa kwanza kukaa na mimi akiwa anajua. Alasiri alitaka kuondoka, akaninyooshea mkono nimwinue, nikamwinua.