Duara la Ng'washi kwenye Jiwe la Chenge

Shimba alikuwa mtu wa maneno machache tangu ujana wake. Ng'washi alipofariki, mvua za Machi za mwaka ule wa uhuru, hata hayo machache yakapungua.

Alikaa nyuma ya Kamanga, ng'ambo ya Mwanza, na ng'ombe wake, katika nyumba ambayo marehemu aliisiriba kwa mikono yake. Kila mwaka Ng'washi alichanganya udongo mwekundu na samli, akachora duara ukutani, kisha chini yake akagusa kwa vidole vitatu. Cha kati kilikuwa kimepinda. Kiliwahi kubanwa na jiwe la kusagia. Alama yake haikufanana na ya mwanamke mwingine yeyote.

"Baba, ukuta unabanduka," alisema binti yao Bernadeta alipokuja kumjulia hali. "Nikusiribie?"

"Uache."

Jambo lililomla Shimba miaka yote lilikuwa Chenge. Huyu alikuwa mlinzi wa jiwe la picha, kazi aliyoirithi kwa baba yake. Jiwe lenyewe liko kilimani, limeinama kama paa, na chini yake kuna maduara mekundu, duara ndani ya duara, ya watu wa kale ambao hakuna anayejua hata majina yao. Wanaume wa koo nyingine hawapandi huko mpaka waitwe. Wanawake hupanda, kila mmoja na shida yake na kibuyu chake cha samli.

Ng'washi naye alipanda, kila mwaka, kabla ya mvua za kupandia. Na Chenge huyohuyo ndiye aliyemposa kabla ya Shimba, ng'ombe wake wakarudishwa mchana kweupe watu wakicheka. Sasa mke wako anateremka kutoka kwa mtu kama huyo, vidole vyekundu, anaimba. Ufikirie nini? Shimba hakuuliza. Alikwenda zizini kuhesabu ng'ombe aliokwisha kuwahesabu asubuhi.

Mwezi wa Novemba walikuja wageni wa serikali: Mzungu mmoja mwenye karatasi nyembamba za kunakilia picha, na mwalimu Mihayo wa kutafsiri. Wazee wote wakaitwa kilimani. Ndipo Shimba alipolifikia jiwe lile kwa mara ya kwanza.

Chenge alikuwa amesimama mbele ya jiwe kama mtu aliye mlangoni kwake.

"Shikamoo mzee," alisema Mihayo. "Mgeni anauliza, nani alichora?"

"Marahaba. Mwambie hatukuwepo."

Wazee wakacheka.

"Anauliza maana yake nini."

"Maana waliijua wao waliochora. Sisi tunayatumia. Mvua ikikawia tunayapaka samli. Mtoto akiugua tunakuja. Mtu akisafiri, vilevile."

Shimba hakuwa akisikiliza. Macho yake yalikuwa chini, pembeni, kwenye duara dogo lenye wekundu mbichi kuliko mengine. Upande mmoja lilikuwa wazi, halikufungwa. Chini yake palikuwa na alama za vidole vitatu, cha kati kimepinda.

Mzungu naye akaliona, akainama na karatasi yake. Chenge akamtupia Shimba jicho, kisha akasema, "Hilo mwambie aliache. Lina mwenyewe."

Lina mwenyewe! Shimba aliteremka na neno hilo kama mwiba wa samaki kooni.

Wageni walisimika ubao pale. Wazee hawakujua kusoma. Mihayo aliwasomea kwamba hairuhusiwi kugusa, kisha akawahi shuleni kuwafundisha watoto wimbo wa siku ya bendera.

Siku ya nne, jua limeshapanda, Shimba aliwaacha ng'ombe malishoni akaenda kilimani bila kuitwa. Alichukua gunzi la muhindi, akaanza kulisugua lile duara. Gunzi likageuka jekundu. Sehemu ya juu ilikuwa imekwisha kufifia aliposikia kikohozi.

"Umeanza lini kufua mawe?" aliuliza Chenge.

"Tangu wewe uanze kuchora na wake za watu."

Chenge alicheka, halafu akaona mwenzake hatanii. Akaketi.

"Shimba. Ulipanda treni kwenda Tanga lini?"

"Mwaka wa nzige."

"Ukakata mkonge miaka mitatu bila hata salamu. Treni ilipoondoka, kesho yake Ng'washi alikuja hapa. Mke wa msafiri huchora duara, akaacha mlango, mtu wake apate pa kuingilia. Akirudi, mke anaufunga. Mambo haya ninyi wanaume hamwambiwi."

"Nilirudi."

"Ulirudi."

"Mbona hakufunga?"

Chenge alichezea fimbo yake. "Kila mwaka nilimwuliza. Mama Bernadeta, mtu wako yuko nyumbani anakula ugali wako, funga basi. Akasema, 'Uliorudi ni mgongo wake. Yeye bado. Nikifunga sasa, atabaki nje.' Anapaka udongo na samli, anakwenda zake."

Miaka ile Shimba alishuka kwenye kivuko akitoka mkonge, na habari ya kwanza aliyopewa ni kwamba mkewe hupanda kwa Chenge. Tangu siku hiyo alizungumza naye habari za ng'ombe na mvua. Miaka thelathini.

"Alikwambia wewe," alisema.

"Wewe hukuuliza."

"Alikuwa anakwambia wewe."

Wivu haukumtoka, ulihama mahali tu. Zamani alimwonea Chenge wivu kwa mwili wa Ng'washi. Sasa alimwonea kwa maneno ya marehemu.

"Kama mke hayupo, anafunga nani?"

"Aliyerudi. Kama amerudi."

Kesho yake Shimba alichimba udongo palepale alipokuwa akichimba marehemu, akauchanganya na samli ya ng'ombe wake mwenyewe.

"Baba, unasiriba nyumba?" aliuliza Bernadeta.

"Siyo nyumba."

Kilimani walipita kwenye ubao, Shimba na Chenge.

"Unasema nini vile?"

"Tusiguse."

"Mm."

Alijaza taratibu pale gunzi lilipokula. Alama za vidole hakuzigusa. Alipofika mlangoni, kidole kikasimama.

"Chenge."

"Naam."

"Geuka kule."

"Nimelilinda jiwe hili tangu baba afe, leo unaniambia..."

"Geuka."

Chenge akageuka, akatazama ziwa. Shimba akaufunga mlango. Kisha akasogeza mdomo karibu na jiwe, akasema maneno, si machache.

"Umesema nini?" aliuliza Chenge.

"Hayakuhusu," Shimba alijibu, akachukua kibuyu chake.