Mafiga ya Damari

Saulo anachonga mihuri Mwanjelwa, jijini Mbeya, kwenye kibanda kisichozidi upana wa mlango. Kwa kuwa herufi za muhuri huchongwa kinyume, miaka ishirini na mbili ya kazi imemwachia tabia ya ajabu: anasoma kwa kurudi nyuma haraka kuliko kwenda mbele. Nchi hii anaijua kwa mihuri yake. Mkoa, wilaya, tarafa, kata, kijiji, vyote vimepita mikononi mwake. Mwaka 2016, Songwe ilipomegwa kutoka Mbeya ikawa mkoa, alichonga mpaka vidole vikaota sugu.

Kinachomsumbua ni udadisi. Mteja akija na barua ya ofisi, Saulo humuuliza, "Mpaka umepita wapi?" Mmoja atasema mtoni, mwingine kwenye mwinuko, mwingine atakuna kichwa na kusema umepita tu. Hao wa kusema umepita tu ndio wanaomnyima raha. Utagawaje kitu usijue kisu kimepita wapi?

Mwaka jana ikafika zamu ya kijijini kwao Isuma, milimani kwenye viazi na pareto. Watu walikuwa wameongezeka, wengine wakitembea nusu siku kuifuata ofisi, basi kikagawanywa: Isuma Juu na Isuma Chini. Saulo alichonga mihuri yote miwili kwa mkono wake, tena kwa fahari. Safari hii hakuuliza mpaka umepita wapi. Kwao alidhani anakujua.

Mpaka ulikuwa umepita kwenye njia ya miguu inayokata ua wa mama yake.

Mama huyo, Damari, alimpigia simu. Alitaka barua ya utambulisho ili aombe kitambulisho cha taifa. "Mtendaji wa Juu ananirudisha Chini, wa Chini ananirudisha Juu. Mimi ni wa wapi, mwanangu?"

Ilimuuma Saulo. Mihuri yote miwili ameichonga yeye, na hakuna hata mmoja unaogongwa kwa ajili ya mama yake. Alifunga kibanda akapanda milimani.

Nyumba ya Damari, na nyuma yake kaburi la marehemu mumewe Benjamini, vilikuwa Juu. Jiko, kibanda cha miti kilichojaa masizi, lilikuwa ng'ambo ya njia, Chini. Mama na mwana wakaongozana kwa Jackline, mtendaji wa Juu, binti mpole mwenye kusikiliza.

"Tatizo ni fomu, baba," alisema Jackline. "Haiulizi bibi analala wapi, inauliza kaya. Na kaya, semina walitufundisha, ni watu wanaokula chungu kimoja. Sasa chungu cha bibi kinapikiwa Chini."

"Na mwenzako wa Chini anasemaje?"

"Anasema kaya ni pale mtu anapolala. Kila mtu na semina yake."

Saulo alitaka kubisha, lakini udadisi ukamzidi. Kumbe chini ya ngazi zote alizochonga kulikuwa na moja, kaya, ambayo haijawahi kuletwa kibandani kwake, nayo haina muhuri. Damari akauliza, "Na chungu kikihama, mjukuu wangu, mtu anakuwa wa wapi?"

Jackline alifikiri. "Wa huko kilikohamia, bibi."

Damari alishukuru akaondoka. Walipofika nyumbani hakuketi. Aliingia jikoni, akasogeza majivu, akang'oa figa moja na kulikumbatia tumboni, akavuka nalo njia mpaka ukutani mwa nyumba.

"Mama, si twende tu tukambane yule wa Chini? Muhuri ni muhuri."

"Baba yako nimemfuata huku tangu nikiwa msichana. Leo nimwache ng'ambo kwa ajili ya karatasi?"

Saulo alirudi jikoni akabeba figa la pili, kisha la tatu.

Jioni viazi vilikuwa vinachemka nje, upande wa Juu. Jackline, akitoka ofisini, aliuona moshi, akapinda njia. Alipewa kiazi akakila amesimama. Halafu akafuta mikono, akafungua mkoba, akaandika barua na kuigonga muhuri.

ISUMA JUU. Saulo alikuwa ameyajua maneno hayo kwa kinyume tu. Sasa aliyasoma kwenda mbele, herufi moja moja, chini ya jina la mama yake, na macho yakamlowa.

"Sogea, baba," Damari alimwambia. "Unanizibia moto."