Kabari Chini ya Landrova ya Mama Pendo

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya wilaya, Mpanda, Mkuu wa Karakana alinipa tambara na mafuta ya taa, akaniamuru nifute magari upande wa chini tu. "Juu watapafuta madereva," alisema. "Wewe lala chini ujue gari lilivyofungwa." Nilirudi nyumbani na grisi masikioni. Leo namshukuru, maana karibu yote niliyokuja kuyajua kuhusu magari niliyajua nikiwa nimelala chali.

Baadaye nilihamishiwa kambi ya barabara, chini ya Msimamizi wa Mitambo, mtu mkali aliyetukataza kufungua nati kabla hatujasema kwa mdomo tunatafuta nini. Miaka ya tisini ilipoanza, kambi ikapunguza watu, nami nikapata kazi katika gereji ya mtu binafsi pale Kashaulili, karibu na soko. Bosi wetu tulimwita Fundi Mkuu. Alikuwa mtu wa utani, mwenye mikono mipole. Huko ndiko nilikokutana na landrova ya Mama Pendo.

Lilikuwa gari la zamani, bodi yake imejaa viraka. Injini yake ya petroli ilipokufa, mume wa Mama Pendo na Fundi Mkuu walilifungia injini ya dizeli iliyotolewa kwenye pikapu iliyopinduka. Vijana, kubadilisha injini namna hiyo kuna mambo yake. Vikalio vya injini vinachomelewa upya, giaboksi inakaa mahali ambapo haikuzoea, na propela inarekebishwa urefu ili ifike. Propela ni lile bomba la chuma linalozunguka chini ya gari, likipeleka nguvu kutoka giaboksi hadi difu, kule kwenye magurudumu ya nyuma.

Yule bwana alifariki kabla hajalifaidi gari lake. Mama Pendo akajifunza kuendesha, akawa anafuata mchele Majimoto na kuuleta sokoni. Mwanzoni hakuna aliyesikia ubaya wowote, kwa sababu barabara ilikuwa na mikunjo kama bati na kila gari lilitetemeka. Siku greda lilipopita na kuilainisha, mtetemo wa landrova ukakosa pa kujificha.

Alikuja gereji na shemeji yake, Mzee Yohana, mdogo wa marehemu.

"Nyie mmemwozesha mzee kwa binti mdogo," Mzee Yohana alituambia, akiipiga boneti kofi. "Sasa nyumba inatikisika! Ukoo umeshakaa kikao. Nitapanda safari moja ya mavuno haya. Meno yangu yakigongana, gari linauzwa vyuma."

"Shemeji, meno yenyewe umebaki nayo mangapi?" Mama Pendo alimjibu. Tukacheka, lakini shemeji yake alipoondoka, Mama Pendo hakucheka tena. "Fundi, gari hili likiondoka narudi kwa kaka yangu kulima shamba la mtu mwingine. Nisaidieni."

Wote mtaani walimlaumu yule "binti mdogo," yaani injini. Fundi Mkuu aliipandisha moto injini hiyo gari likiwa limesimama: hakuna mtetemo. Akaliendesha kwa kasi, akatoa gia, akaliacha liserereke lenyewe. Mtetemo, ingawa ulikuwa mdogo, ukaendelea. Hapo injini ikaachiwa huru, kwa kuwa haikuwa ikisukuma chochote. Magurudumu tulishayakagua. Ikabaki propela.

Kila ncha ya propela ina kros, kiungo chenye umbo la msalaba kinachoiruhusu kupinda inapozunguka. Kros ikipinda, mzunguko haubaki sawa: unaharakisha kidogo, unachelewa kidogo. Kros ya upande wa pili ndiyo inayosawazisha, mradi zote mbili zipinde kwa kiasi kimoja. Fikiria wanawake wawili wanaotwanga katika kinu kimoja. Wakipokezana vizuri, ni ngoma. Mmoja akikosea, michi inagongana.

Tulipima kwa timazi ya mwashi na kipimapembe cha mwanafunzi. Difu ilikuwa imeinua pua, pale inapoungana na propela, kuliko giaboksi. Tukachonga kabari za chuma, tukazipachika kati ya ekseli, iliyobeba difu, na springi hadi pembe zikalingana. Tukaenda Magamba na kurudi, gari limetulia kama limelala. Fundi Mkuu aliimba njia nzima.

Mama Pendo akaenda Majimoto. Aliporudi, alishusha mchele sokoni, akaliegesha gari mbele ya gereji, akabaki ameshika usukani. "Ni vilevile," alisema. "Shemeji anapanda safari ijayo."

Nilishika spana nifungue propela yote. Fundi Mkuu akanizuia, akavuta kigoda hadi mlangoni mwa gari.

"Mama, hebu nisimulie safari. Lilianza kutetemeka wapi?"

"Kwenda, halina neno. Kurudi ndiyo taabu."

"Kurudi kuna nini?"

Mama Pendo alimtazama kama mtu aliyeulizwa jina la mwanawe. "Kurudi kuna mchele, Fundi. Mimi silinunulii dizeli ili nitembee nalo tupu."

Fundi Mkuu alijipiga paji la uso, akacheka mpaka akakaribia kuanguka kigodani. Tulikuwa tumelipima likiwa tupu! Marehemu aliongeza pleti za springi ili libebe zaidi. Mzigo ukikaa, springi zinalala, ekseli inageuka, na pua ya difu inahama. Pembe zetu nzuri zilikuwa za gari ambalo Mama Pendo hakuwa na kazi nalo.

Mchele ulikuwa umeshateremshwa, kwa hiyo Fundi Mkuu akatoka kuita watu sokoni. Wakaja wabeba mizigo, mama lishe, hata fundi viatu na kigoda chake, wakajaa nyuma ya landrova huku nikiwa chini na timazi.

"Tulieni kama mchele!" nilipaza sauti.

"Mchele haujanyimwa chai tangu asubuhi!" mama lishe alijibu, na gari zima likayumba kwa kicheko. Ilibidi nisubiri timazi itulie tena.

Tuliondoa zile kabari, tukaweka nyembamba zaidi, tukipima na watu wakiwa juu. Fundi Mkuu alimwambia ukweli: likiwa tupu litanguruma kidogo, hatuwezi kupata vyote.

"Likiwa tupu nipo peke yangu," Mama Pendo alisema. "Nitalivumilia."

Safari ya Mzee Yohana ilipofika, hatukufanya kazi ya maana siku ile. Jioni landrova ikaingia na magunia hadi juu. Mama Pendo alizima injini, akaweka kidole mdomoni. Pembeni yake, Mzee Yohana alikuwa amelala, kichwa dirishani, mdomo wazi. Fundi Mkuu alipomgusa bega, alishtuka, akafuta mate.

"Tumefika Sitalike?"

"Sitalike tumeshapita, viboko niliwaona, wewe ukawa unakoroma kuliko wao," Mama Pendo akamwambia. "Shuka, shemeji. Hapa ni gereji."

Magoti yaliponikatalia kuingia chini ya gari, nilistaafu. Vijana huniletea magari wakiniambia wameshapima kila kitu, na mara nyingi ni kweli, wamepima vizuri. Nawapa moyo, kisha nawauliza mwenye gari yuko wapi. Wakisema amekaa nje anasubiri, nawaambia wampelekee kiti, wakae naye.