Nyumba ya Tatu ya Mzee Gervas

Onésime nilimfahamu kwenye chumba cha kufulia nguo. Jengo letu pale Hjulsta, Stockholm, lina mashine nne chini, na kila mpangaji hujiwekea zamu yake ubaoni. Yeye zamu yake ilikuwa Jumamosi saa mbili asubuhi, mimi saa tano, na kwa miaka mitatu sikuwahi kumkuta amepitisha hata dakika moja. Kwa mtu wa kwetu hilo si jambo dogo. Mimi mwenyewe nimeshaandikiwa vikaratasi vya hasira na majirani mara sijui ngapi.

Alikuwa mpishi msaidizi kwenye shule moja ya Spånga. Kila Alhamisi alipika supu ya njegere na chapati za maji kwa watoto mia tatu, na aliipika vizuri ingawa mwenyewe hakuipenda. Alikuwa mtu wa kuomba radhi kabla hajakosa. Watu wa namna hiyo hunipandisha hasira, maana wakikanyagwa husogeza mguu ili wakanyagwe vizuri zaidi. Lakini nilimpenda. Aliniita Mama Tiana, na Tiana wangu huyo, anayenijibu Kiswidi hata nikimwita kula, kwa Onésime alijibu Kiswahili.

Kwao ni upande wa Baraka, Kongo. Baba yake, Mzee Gervas, alikuwa na shamba kubwa la michikichi. Aliyelifungua ni babu wa Gervas, mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, kabla Wabelgiji hawajafika, na alipofariki liligawanywa kwa nyumba za wake zake. Kila nyumba ilipata ukanda mmoja, kutoka njiani hadi mtoni. Ukanda humfuata mtoto wa kiume wa nyumba ile, na mama yake hukaa juu yake mpaka kufa. Nyumba isiyo na mtoto, ukanda wake hurudi kwa nyumba kubwa, ile ya mke wa kwanza, na mjane hurudi kwa ndugu zake. Utaratibu huo haukuandikwa popote, na kwa miaka mia na zaidi hakuna aliyeona haja ya kuuandika.

Gervas naye alioa wake watatu. Mama yake Onésime, Perpétue, alikuwa wa tatu, na alizaa mtoto mmoja tu.

Februari mwaka 2010 nilimkuta Onésime chini bado yupo saa tano, nguo zimelowa ndani ya mashine, yeye amekaa kwenye kiti.

"Papa amekufa," akaniambia. "Matanga ikiisha wanagawa shamba."

Kwenda hakuweza. Hati yake ya safari, ile wanayopewa wakimbizi, iliruhusu nchi zote isipokuwa Kongo. Kaka yake wa nyumba ya kwanza, Firmin, ndiye aliyesimamia mambo, na alimpigia simu kwa upole kabisa. Shamba siku hizi lina cheti, alisema, na mtu wa serikali atakuwepo kuandika kila neno. "Mdogo wangu, tuma karatasi yenye kuonyesha kama uko hai na uko nani. Iwe na muhuri. Kama haiko, nyumba yenu itakuwa bila mtu, na Mama Perpétue atatoka."

Hapo ndipo nilipoingia mimi. Huku Uswidi anayetunza habari za nani kazaliwa na nani ni ofisi ya kodi. Nilipiga simu mimi, maana Onésime kwenye simu huwa anasema ndiyo kwa kila kitu. Msichana akaniuliza nataka cheti cha aina gani, kifupi au kirefu. Mimi ni mtu wa kukamilisha. Nikasema kirefu, chenye kila kitu, jina la baba, jina la mama, kisikose hata nukta. Kilipofika nikakipeleka kwa mtafsiri wa Kifaransa, kisha kwa mthibitishaji wa hati mjini, kikagongwa muhuri mkubwa mwekundu. Nilijisikia nimefanya kazi ya maana.

Onésime alikaa jikoni kwangu akaisoma ile tafsiri kwa muda mrefu.

"Kuna kosa?" nikamuuliza.

"Hapana, Mama Tiana. Iko sawa."

Akaitia ndani ya bahasha, na mama mmoja wa kanisani aliyekuwa anasafiri kwenda Bujumbura, karibu na kwao, akaichukua.

Baraza la ukoo lilikaa Jumapili moja ya Aprili. Onésime aliniomba nikae naye, hivyo tulipotoka ibadani tukaiweka simu juu ya meza yangu, sauti wazi, na Firmin upande wa pili akaiweka ya kwake katikati ya watu. Tulisikia kuku. Tulisikia watu wakikohoa. Mama Perpétue alikuwa pale na wajane wenzake. Ikafika zamu ya nyumba ya tatu, na karani wa serikali akaisoma karatasi yetu kwa sauti, Kifaransa kwanza kisha Kiswahili. Onésime, mtoto wa Herménégilde. Mama yake, Épiphanie.

Mimi, niliyetazama mihuri bila kusoma majina, nikaanza kuwatukana watu wa ofisi ya kodi, nikasema kesho asubuhi watanijua. Onésime akaifunika simu kwa kiganja.

"Haiko kosa," akasema. "Ni vile wameandika tangu kambini."

Ndipo akanieleza. Vita vilipoanza, baba yake mdogo, Herménégilde, alivuka ziwa na mkewe Épiphanie na watoto, akamchukua na Onésime. Walikaa kambini Kigoma miaka mingi. Siku ilipokuja orodha ya kwenda Uswidi, walihesabiwa baba, mama na watoto wao wa kuzaa. Mtoto wa kaka hakuhesabiwa. Herménégilde akamwandika kifungua mimba wake. Nani angemwacha? Mimi pia ningemwandika. Walifika Stockholm mwaka 2005, na kila karatasi iliyofuata ikanakili ile ya kwanza.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilisikia aibu. Na nilifikiri kule watatazama muhuri tu. Hakuna mwenye kusoma."

Nilitaka kumpiga na nilitaka kulia. Kirefu nilikitaka mimi. Kifupi kisingekuwa na mzazi hata mmoja.

Wale ndugu wa nyumba ya pili hawakuchelewa. Kama ni mtoto wa Herménégilde, walisema, akale kwenye fungu la Herménégilde. Na fungu la Herménégilde kila mtu alijua liliuzwa wiki ile aliyokimbia. Firmin akaingia kati. "Mdogo wangu, hapa wote tunakujua. Lakini hii karatasi umeituma wewe mwenyewe, na mtu wa serikali ameisoma mbele ya watu. Tunakupa wiki mbili. Leta ingine."

Jumatatu alipotoka kazini tulipanda treni hadi Tumba, kwa Herménégilde. Njia nzima niliyapanga matusi yangu. Nilimkuta mzee mwenye fimbo, wajukuu wamejaa sebuleni, na Épiphanie akatuwekea sahani za wali hata kabla hatujasema tulichofuata. Onésime alipomaliza kueleza, mzee akachukua simu mwenyewe, akampigia Firmin. "Ni mtoto wa kaka yangu," akasema. "Mimi nilimbeba tu."

"Tunajua, papa," Firmin akajibu. "Andika, uweke saini."

Mzee akaiweka simu chini. "Nikiandika kama huyu si mtoto wangu," akatuambia, "serikali ya huku itaniuliza nilidanganya nini ingine. Niko na wajukuu saba hapa. Wakitufukuza, nitawaweka wapi?" Akalia. Épiphanie akasimama mlangoni na kijiko cha kupakulia. Hakuna aliyekula wali ule, na matusi yangu nilirudi nayo yote Hjulsta.

Sikukata tamaa haraka. Nilikwenda kwa mwanasheria anayetoa ushauri wa bure, nikamweleza bila kutaja jina. Akasema kurekebisha kunawezekana, ila kutachukua si chini ya mwaka mmoja, na matokeo yake kwa familia nzima hawezi kuyaahidi. Wiki mbili zikapita. Onésime alikwenda kazini kila siku, akapika, akafua Jumamosi yake saa mbili.

Jumapili iliyofuata alikuwa kwangu simu ilipolia. Alikuwa Mama Perpétue. Miaka yote hiyo mwanawe ndiye aliyempigia, hakuwahi kupiga yeye. Sauti ilikuwa wazi, nikasikia yote.

Walisalimiana. Akamuuliza kama baridi imepungua.

"Imepungua, mama."

"Sikupigii juu ya shamba," akasema. "Nataka kukuuliza kitu kimoja. Siku ile walisoma mama yako ni Épiphanie. Nilisikia vizuri?"

"Ndiyo, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu kambini."

"Ndiyo maana walisoma vile," akasema. Kisha akamweleza, bila kupandisha sauti, kwamba karani ameandika nyumba ya tatu haina mtoto, ukanda umekwenda kwa nyumba kubwa, na kaka wa Perpétue mwenyewe amekuja na pikipiki kumrudisha kwao. Mfuko umeshafungwa.

Onésime alisimama. Sikuwahi kumsikia akipaza sauti, na siku ile alipaza mpaka Tiana akatoka chumbani. "Mama, mimi ni mtoto wako. Mimi ni mtoto wako, mama."

"Najua, mwanangu," Perpétue akasema haraka. "Lakini usiseme kwa nguvu. Huko kwenye karatasi uko mtoto wa Épiphanie. Watu wasikusikie."