Daftari Nililoipa Setilaiti

Kazi yangu ni kununua machungwa yakiwa bado mtini. Nazunguka shamba, natazama juu, nakuna shingo, nataja kreti zitakazotoka, na mwenye shamba akikubali tunapatana kwa idadi hiyo. Zikizidi ni zangu, zikipungua ni zangu pia. Kwa miaka ishirini na miwili zimekuwa zikizidi, na kitambi changu ni shahidi.

Siri ilikuwa madaftari mawili. La kijani niliwaonyesha wenye mashamba: "Tazama, mwaka jana kwako zilitoka mia sita na hamsini tu." Nani angebisha? Wachumaji wangu, lori langu, hesabu yangu. La pili, lenye ukweli, lilikaa ndani ya sufuria bovu juu ya kabati. Mke wangu alisema ndicho kitu pekee nyumbani mwetu kisichodanganya, ukimtoa yeye.

Siku moja akaja mpwa wangu, binti wa dada, aliyesomea ramani na kuajiriwa na ushirika wa wakulima ili akadirie mavuno kwa setilaiti.

"Mjomba, setilaiti haioni chungwa. Inaona upana wa matawi na rangi ya majani. Ili kompyuta ijue rangi hii ni kreti ngapi, lazima niifundishe kwa mavuno ya miaka iliyopita. Nani ana kumbukumbu kama zako?"

"Hakuna," nikasema, kichwa kikivimba, na nikampa la kijani.

Sikuwa na nia mbaya. Mtu akiniomba daftari, mkono huenda kwa la kijani wenyewe, kama punda anayejua njia ya kwao.

Makadirio ya setilaiti yalitoka kwenye simu zetu wakati wa kugombea shamba la Mwalimu, mama mstaafu mwenye miti mingi kuliko wote. Kiwanda cha juisi nilikuwa nimeshakiahidi kreti elfu moja, na bila shamba lile nisingezipata popote. Simu ilisema mia sita na themanini. Jicho langu lilisema elfu na ushei. Nikalikemea: wewe uko chini, mwenzako yuko angani.

Barazani kwa Mwalimu nikamkuta mpinzani wangu, Bi Kokoto, anayehesabu kwa kuhamisha kokoto kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine kila anapomaliza mti.

"Mia saba," nikamwambia Mwalimu. "Ishirini nimekuongezea kwa heshima."

"Umekadiria kutoka wapi, kaka?" akauliza Bi Kokoto.

"Kutoka angani."

"Ndiyo maana shingo haikuumi. Mwalimu, mimi nasema elfu moja."

Nilimhurumia. Tena nilimhurumia kwa sauti, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. "Dada, utalia."

"Nikilia nitakuita unibembeleze."

Shamba akachukua yeye. Zikatoka elfu moja na arobaini na mbili. Kiwanda kikamkimbilia Bi Kokoto, na mimi akaniletea chungwa moja, limeoshwa vizuri.

Wiki ile mpwa wangu akarudi amekunja uso. "Mjomba, mashine ikikosea, huku huzidi, kule hupungua. Hii imepunguza kila shamba kwa theluthi. Kosa hili lina tabia. Kama la mtu."

Nikatazama dari. Mke wangu akavuta kigoda, akapanda, akashusha sufuria.

Mpwa wangu akafunua kurasa, taratibu. "Nikitumia hili, kila mwenye shamba ataona kwenye simu miti yake inazaa nini."

"Najua."

"Na atakumbuka ulichokuwa unamwambia."

"Nimesema najua. Chukua miaka mitatu ya mwisho."

"Yote, mjomba."

"Mitano."

"Yote."

Sikumbuki mara ya mwisho kushindwa kupatana, seuze na mtu ambaye chai yake haijapoa. Nikampa. Asije mtu akasema nilitubu: mashine niliyoipofusha mwenyewe ilikuwa imeninyang'anya shamba moja, na sikuwa na la pili la kuipa.

Msimu uliofuata Mwalimu akaniita. Simu ilikuwa mezani, karibu na miwani yake.

"Inasema elfu moja na kumi," akasema. "Na ile mia sita na hamsini yako ya miaka yote, tuiweke wapi?"

"Tuiache ilipo, Mwalimu."

"Haya. Leo unasemaje?"

Nikamwomba ruhusa nizunguke shamba kwanza. Mfuko wangu wa kulia ulikuwa mzito. Njiani nilikuwa nimeokota kokoto.