Diski Nzito

Mimi simwamini mtu, na sioni haya kulisema. Nimenunua dhahabu ya wachimbaji wadogo hapa Geita tangu ujana wangu, na kazi hiyo haimlei mtu akawa mwepesi wa kuamini. Nimeletewa shaba iliyopakwa, nimeletewa vipande vyenye risasi katikati, na walioleta waliniapia kwa Mungu na kwa mama zao. Mizani ndiyo iliyoniokoa. Dhahabu ni nzito. Kitu chepesi kikijiita dhahabu, mrudishie mwenyewe na umsindikize mpaka mlangoni.

Kwa tabia hiyohiyo nilikataa kuweka mambo yangu mtandaoni, kwenye kompyuta za watu nisiowajua. Nikaweka seva yangu mwenyewe nyumbani, kompyuta ndogo isiyozimwa, kwenye kona ya sebule. Ilitunza picha, video za kamera ya getini, na sauti ya mama. Hiyo sauti ndiyo iliyokuwa mali. Kabla hajafariki nilimrekodi akiimba nyimbo za kulimia na kusimulia ujana wake Shinyanga, kwa Kisukuma cha zamani, rekodi kumi na moja. Hapakuwa na nakala nyingine. Dada yangu, anayeuza dagaa Nkome, alikuja baada ya msiba nikamsikilizisha wimbo mmoja, kisha akaniomba nakala mara tatu. Nilimwambia asubiri. Nilihisi ataisambaza kwenye makundi ya simu, watu wamsikilize mama huku wanakula na kucheka.

Seva ilikuwa inawaka kwa flashi iliyochomekwa nyuma yake. Humo ndimo mfumo wake ulimokaa; picha na sauti zilikaa kwenye diski kubwa ya zamani iliyo ndani yake. Siku moja umeme ulikatika na kurudi, ukakatika na kurudi, flashi ikafa. Nikaenda Kalangalala kwa mama mmoja mwenye duka la kompyuta.

“Mzee wangu, achana na flashi,” aliniambia. “Chukua diski ndogo ya SSD. Ya kuwashia tu haihitaji kuwa kubwa. Hii inavumilia, na ina dhamana.”

Akanipa kitu chembamba, saizi ya bigijii ya kutafuna. Nikakipima kiganjani, hakikuwa na uzito wowote.

“Mbona nyepesi hivi?”

“Hii siyo dhahabu, mzee.”

Alicheka. Muuzaji akicheka, mimi huangalia mfuko wangu. Nikamrudishia bigijii yake nikaondoka.

Wiki hiyo nilikuwa Runzewe kwa shughuli zangu, nikamkuta jamaa amepanga vifaa vya simu mezani. Alikuwa na SSD yenye kasha la chuma, imeandikwa terabaiti mbili. Nikatoa mizani yangu ya dhahabu, nikaipima palepale mbele yake. Nzito. Jamaa hakunibembeleza hata kidogo, na hilo nalo likanipendeza. Nilipomweleza kuhusu diski yangu kubwa ya zamani, akasema nikimletea atanipunguzia bei. Tukaelewana.

Nyumbani nikasimika mfumo kwenye ile diski nzito, kisha nikahamishia kila kitu humo, kwani kwa nafasi yote ile diski mbili za nini? Nikafungua rekodi ya kwanza, mama akaimba. Nikafungua ya pili, akaimba. Zilizobaki sikuzifungua. Mtu anayeniletea dhahabu nisingemwachia hivyo. Kipande chake ningekikata katikati. Lakini hii nilikuwa nimeshaipima mwenyewe. Nikaifuta diski ya zamani mara tatu, nikiogopa yule jamaa asije akachungulia mambo yangu, nikampelekea.

Baada ya siku chache seva haikuwaka. Nikarudi Kalangalala, shingo imeingia mabegani. Yule mama hakunikumbusha lolote. Akafungua kasha kwa bisibisi. Ndani mlikuwa na kadi ndogo ya kumbukumbu kama zile za simu, na kipande cha chuma kilichogandishwa kwa gundi.

“Inajidai kubwa, lakini ikijaa inaandika juu ya vilivyotangulia,” alisema. “Chuma wanaweka kwa ajili ya watu wanaopima kwa mkono.”

Hakusema ni watu gani. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na tapeli naye anajua mizani. Majina ya rekodi yalikuwepo yote kumi na moja. Hakuna hata moja iliyotoa sauti. Nililia pale dukani, mzee mzima, na yule mama akanivutia kiti.

Nikampigia dada.

“Shikamoo dada.”

“Marahaba. Nani amekufa?”

Nikamwambia. Akasema atakuja Jumapili. Alipokuja alikuwa na mfuko wa dagaa na simu yenye kioo kilichopasuka. Akakaa, hakunitazama.

“Siku ile uliponisikilizisha,” alisema, “simu ilikuwa kwenye khanga, inarekodi. Nilijua hutanipa.”

Siku nyingine ningemfokea. Siku ile nilimwomba anisamehe, akanijibu kwamba chai inapoa.

Sasa seva inawaka kwa ile SSD nyepesi, haijanisumbua hata umeme ukikatika. Wimbo wa mama umo humo, nakala nyingine iko kwenye diski ya pembeni, nyingine ameshika dada, na anamsikilizisha amtakaye. Ni mmoja tu kati ya kumi na moja. Mama anaimba kwa mbali, khanga inakwaruza, jogoo wangu anawika nje. Mwishoni huwa anawataja watoto wake, mmoja baada ya mwingine, kama walivyofanya akina mama wa kwao wakimaliza kulima. Hapo hapo nasikika mimi, kwa sauti kubwa:

“Dada, hujawasha simu hapo?”

“Niiwashe ya nini?”

Tukimaliza kujibizana, mama naye amemaliza. Jina langu alilitaja, nakumbuka. Kwenye rekodi halisikiki.